Ateri ya Mguu Ikiziba: Puto, Mchepuko au Kukwangua?

Mtu anapoambiwa kwamba ateri ya mguu wake, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imeziba, mara nyingi hutoka kwa daktari na maneno matatu kichwani asijue ashike lipi: puto, mchepuko, kukwangua. Ndugu zake humsihi achague lile lisilo na kisu, kwa kuwa tundu dogo linaonekana wazi kuwa afadhali kuliko jeraha refu. Ushauri huo una ukweli, ila ni ukweli wa wiki ya kwanza, ilhali mguu utahitaji damu wiki hiyo, mwaka ujao na miaka mitano baadaye. Makala hii inazipima njia hizo tatu kwa vigezo vilevile, ili mgonjwa na familia yake wakikaa na daktari bingwa wa mishipa ya damu wawe wanajua la kuuliza.

Njia hizi si ngeni. Ateri iliyoziba ilifunguliwa na kukwanguliwa kwa mara ya kwanza na João Cid dos Santos mjini Lisbon mwaka 1946. Jean Kunlin aliushona mchepuko wa kwanza wa mguu kwa kutumia vena ya mgonjwa mwenyewe, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, huko Paris, mwaka 1948. Mwaka 1964, mjini Portland nchini Marekani, Charles Dotter alipanua ateri ya paja kwa kupitisha mirija ndani yake, kwa bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeanza kuoza na ambaye alikataa katakata kukatwa mguu. Aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Zaidi ya nusu karne imepita na hakuna njia iliyoiondoa nyingine, jambo ambalo peke yake linaonyesha kwamba kila moja ina kazi yake.

Kwanza: mguu uko katika hali gani?

Kulinganisha matibabu kabla ya kujua hatua ya ugonjwa ni kupoteza muda. Ateri hujengeka mafuta, makovu na chokaa kwa miaka mingi, hasa kwa mvutaji wa sigara, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu na mwenye lehemu nyingi. Dalili ya mwanzo kwa wengi ni kigimbi kubana baada ya kutembea umbali fulani, kisha kutulia akisimama kwa dakika chache. Wengi wa watu hawa hawapotezi mguu kamwe. Tiba yao ya kwanza ni kuacha sigara, kunywa statini, yaani dawa ya kupunguza lehemu, na dawa ya kuzuia chembe sahani kugandana kama aspirini au klopidogreli, na mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa: mara tatu kwa wiki, nusu saa au zaidi kila mara, kwa muda wa miezi mitatu, mgonjwa akitembea hadi maumivu yamkaze, apumzike, kisha aendelee. Njia hiyo humwongezea umbali wa kutembea kwa kiasi kinachowashangaza hata wanaoibeza. Anayeshauriwa upasuaji au puto katika hatua hii bila kujaribishwa mazoezi ana haki ya kuuliza sababu.

Hali ya pili ni mguu ulio hatarini. Hapa maumivu huja usiku mtu akiwa amelala, naye hupata nafuu akiuning'iniza mguu kando ya kitanda. Au kuna kidonda cha wayo au kidole ambacho wiki mbili zimepita hakioneshi dalili ya kupona. Au kidole kimeanza kuwa cheusi. Mguu kama huu usipoongezewa damu unaweza kukatwa, na sehemu kubwa ya ulinganisho huu inamhusu mwenye hali hii.

Ipo pia hali ya tatu, ambayo haina nafasi ya ulinganisho: mguu uliokuwa sawa unapoingia ghafla baridi, ukafifia rangi, ukauma sana na kufa ganzi. Hapo muda unahesabiwa kwa saa, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali mara moja.

Vipimo vinavyoamua ni vichache. Shinikizo la damu la kifundo cha mguu hugawanywa kwa lile la mkono, na jibu la 0.9 au chini ya hapo huashiria ugonjwa. Mwenye kisukari cha muda mrefu awe macho hapa, kwa sababu chokaa huzifanya ateri zake zisibanike na kipimo kikaonyesha zaidi ya 1.4, namba inayoweza kumpumbaza msomaji akadhani damu inafika vizuri. Kwake hupimwa shinikizo la kidole gumba cha mguu. Baada ya hapo hufuata altrasaundi ya mishipa, picha ya CT au picha ya eksirei yenye dawa ya rangi, ili ramani ya ateri ionekane kuanzia tumboni hadi wayoni.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia hapa chini inatazamwa kwa mambo matano: inavyofanyika, mzigo inaoutwika mwili mwanzoni, yaani ganzi, jeraha, siku za kulazwa na hatari zake, muda wa kudumu pamoja na ufuatiliaji unaodaiwa, kinachobaki mkononi endapo itashindwa, na mtu inayemfaa. Kigezo cha nne ndicho kinachosahauliwa zaidi, nami nakihesabu kuwa kizito kuliko kinavyopewa uzito katika mazungumzo mengi. Ugonjwa huu hauishi kwa tiba moja. Anayetibiwa leo ana uwezekano mkubwa wa kurudi, na namna alivyotibiwa mara ya kwanza ndiyo itakayopanua au kufinya nafasi ya daktari wa mara ya pili.

Puto na stenti

Inavyofanyika. Daktari hutia ganzi kwenye kinena, huchoma ateri kwa sindano akiongozwa na altrasaundi, kisha hupitisha waya mwembamba na juu yake mrija uitwao katheta. Akitazama picha za eksirei kwenye skrini, huusukuma waya hadi uvuke penye kizuizi, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Ateri iliyoziba kabisa kwa sentimita 20 na kujaa chokaa inaweza kumshinda. Waya ukishavuka, puto lililokunjwa hupelekwa pale na kujazwa maji yaliyochanganywa na dawa ya rangi, shinikizo lake likisomwa kwenye geji, likaachwa limetuna kwa dakika moja hadi tatu. Mgonjwa yuko macho muda wote. Anaweza kusikia mguu unabana puto linapotuna, na maumivu hayo hutakiwa kutulia linapopunguzwa. Yasipotulia, asinyamaze kwa kuona haya, kwa sababu yanaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba ateri imepasuka. Pale ambapo ukuta wa ateri umechanika au unarudi kujikunja, huwekwa stenti, yaani kimrija cha wavu wa metali kinachobaki ndani daima.

Mzigo kwa mwili. Ni mdogo. Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Hatari kuu ni damu kuvilia mahali palipochomwa, ateri kuchanika, vipande vya uchafu kuchukuliwa na damu hadi vidoleni, na dawa ya rangi kuziumiza figo ambazo tayari ni dhaifu. Kwa mwenye figo mbovu, baadhi ya vituo hutumia gesi ya kaboni dioksidi badala ya dawa hiyo kwa ateri zilizo chini ya kiwambo cha kifua. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aseme mapema.

Kudumu na ufuatiliaji. Mahali ndipo panapoamua. Katika ateri za nyonga, ambazo ni pana na damu yake inakwenda kwa kasi, stenti hudumu vizuri sana, na ni wachache leo wanaopasuliwa tumbo kwa ugonjwa mfupi wa hapo. Katika paja hudumu kwa kiasi, na urefu wa kizuizi unavyozidi ndivyo muda unavyopungua. Chini ya goti, ateri zikiwa na upana wa milimita chache tu, kuziba tena ndani ya mwaka mmoja ni jambo la kawaida. Yapo maputo yaliyopakwa dawa ya paklitakseli ili kupunguza makovu yanayoziba upya. Mwaka 2018 yalizuka mashaka kwamba yanaongeza vifo, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilihitimisha kwamba takwimu zilizopo haziungi mkono hofu hiyo.

Hata hivyo, kuziba tena kuna maana mbili tofauti. Kwa mtu aliyetibiwa ili atembee mbali zaidi, kuziba tena ni kurudi alikoanzia. Kwa mwenye kidonda, miezi sita ya damu ya kutosha inaweza kuwa imekifunga kidonda hicho, na ngozi iliyokwisha kupona huhitaji damu kidogo kuliko ngozi inayopona. Ateri inaweza kuziba na mguu ukabaki salama. Ndiyo maana takwimu za ateri ngapi zimebaki wazi hazitoshi kumwongoza mgonjwa. Aulize ni miguu mingapi iliyobaki.

Kinachobaki ikishindwa. Kwa kawaida njia hii inaweza kurudiwa, na upasuaji bado unawezekana. Kuna tahadhari moja: stenti ikiwekwa mahali ambapo mpasuaji angeshonea mchepuko, au waya ukiharibu ateri ndogo ya wayo iliyokuwa bado nzima, nafasi hiyo inaweza kupotea.

Inamfaa nani. Mwenye kizuizi kifupi, mwenye ugonjwa wa ateri za nyonga, mwenye moyo au mapafu yasiyostahimili upasuaji mrefu, mtu ambaye hana vena nzuri, na yule ambaye umri na maradhi mengine hayampi miaka mingi.

Mchepuko

Inavyofanyika. Kama barabara ya mchepuko inavyolizunguka daraja lililobomoka, damu hutolewa juu ya kizuizi na kurudishwa chini yake kupitia mshipa mwingine, na ateri iliyoziba huachwa palepale. Mshipa bora wa kazi hii ni vena ya safena, inayopanda kutoka kifundo cha ndani cha mguu hadi kinena. Kabla ya siku ya upasuaji, fundi wa altrasaundi huifuata vena hiyo kipande kwa kipande akiichora juu ya ngozi kwa kalamu ya wino na kuandika upana wake. Ikiwa na milimita 3 au zaidi bila makovu, matumaini ni mazuri. Vena ina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni, kwa hiyo mpasuaji ama huitoa na kuigeuza juu chini, ama huiacha mahali pake na kuzikata vali kwa kijisu chembamba kinachopitishwa ndani. Kisha, akiwa amevaa miwani ya kukuza, huishona ncha moja kwenye ateri ya kinena na nyingine kwenye ateri ya goti, ya muundi au hata ya wayo. Vibanio vikishaachiliwa, husikilizwa mlio wa damu wayoni kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na mlio huo ndio hukumu ya kwanza ya kazi yote.

Vena isipopatikana, hutumika mrija wa plastiki maalumu. Juu ya goti mrija huo huvumilika. Chini ya goti hushindwa mapema zaidi kuliko vena, na ukipata maambukizi mara nyingi hulazimu kutolewa, jambo lililo zito kuliko upasuaji wa mwanzo.

Mzigo kwa mwili. Ni mkubwa. Kazi huchukua saa kadhaa chini ya nusukaputi au ganzi ya uti wa mgongo, na kulazwa hufika wiki moja au zaidi. Majeraha ya mguu yanaweza kuchelewa kupona, hasa kwa mwenye kisukari, na mguu wenyewe huvimba kwa wiki nyingi baadaye. Hatari inayowaumiza wapasuaji kichwa zaidi ni moyo, kwa kuwa mtu mwenye mafuta katika ateri za mguu mara nyingi anayo katika ateri za moyo pia.

Kudumu na ufuatiliaji. Mchepuko wa vena nzuri ndio unaodumu kuliko njia zote kwa kizuizi kirefu, na wapo wanaoutumia kwa miaka mingi. Lakini unadai kutunzwa. Vena inaweza kusinyaa kwa makovu bila dalili yoyote, hasa katika mwaka wa kwanza na wa pili. Ikigunduliwa ingali wazi, hurekebishwa kwa puto au upasuaji mdogo, na ikiachwa hadi ifunge, mara nyingi huwa imekwenda. Kwa hiyo mgonjwa hurudi kupimwa altrasaundi mara kadhaa katika mwaka wa kwanza. Anayejua kwamba hataweza kurudi, kwa sababu ya umbali au sababu nyingine yoyote, alitaje jambo hilo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa.

Kinachobaki ikishindwa. Mgonjwa anakuwa ametumia vena moja kati ya chache alizo nazo. Vena hiyohiyo ya safena ndiyo inayochukuliwa kwa ajili ya mchepuko wa moyo, hivyo mwenye matatizo yote mawili anapaswa kutibiwa na madaktari wanaozungumza wao kwa wao.

Inamfaa nani. Mwenye mguu ulio hatarini, kizuizi kirefu, vena nzuri, moyo unaostahimili na matarajio ya kuishi zaidi ya miaka miwili. Masharti hayo yanakwenda pamoja; likikosekana moja, hesabu inabadilika.

Mabano kuhusu vena

Wapo watu wenye ugonjwa wa vena kabla ya ule wa ateri, yaani vena za miguu zilizotuna na kujikunja. Hizi hutibiwa kwa kung'olewa, kwa kuchomwa kutoka ndani kwa joto la leza au mawimbi ya redio, au kwa kuchomwa sindano ya povu linalozifunga. Joto hufanyika kwa ganzi tu na mtu akaondoka akitembea, povu ni jepesi zaidi ila vena hufunguka tena mara nyingi zaidi, na kung'oa kumebaki kwa wale ambao njia hizo haziwafai. Kwa habari ya mchepuko, jambo la kujua ni kwamba vena iliyokwisha kutanuka sana haifai kuwa ateri, hivyo kuiondoa si hasara kubwa. Hasara ni kuondoa pamoja nayo sehemu ambayo ilikuwa nzima. Mvutaji wa sigara au mwenye kisukari anayetaka miguu yake irudi kuwa laini aombe sehemu nzima ya safena iachwe, na ateri zake zipimwe kwanza, kwa sababu hata soksi za kubana zinazotolewa baada ya tiba ya vena zinaweza kuudhuru mguu wenye damu haba.

Kukwangua ateri

Inavyofanyika. Kinena hufunguliwa, ateri hubanwa juu na chini ya ugonjwa, hupasuliwa kwa urefu, na gamba la mafuta na chokaa hubanduliwa kutoka ukutani kwa kijiko chembamba cha upasuaji. Likitoka zima, hutoka na umbo la ateri yenyewe pamoja na matawi yake. Ateri hufungwa kwa kushonewa kiraka cha vena au cha utando ulioandaliwa, ili isifinyike. Upasuaji huu una uwanja mdogo: mguuni unafanyika hasa katika ateri ya kinena, kabla haijagawanyika kwenda pajani.

Mzigo kwa mwili. Uko katikati. Jeraha ni moja na fupi, saa ni chache kuliko za mchepuko na kulazwa ni kwa siku kadhaa. Tatizo lake ni kinena chenyewe, mahali penye jasho na mikunjo, ambapo maambukizi na kuvuja kwa maji ya limfu si mambo ya nadra, hasa kwa mtu mnene.

Kudumu na ufuatiliaji. Ukifanywa vizuri hudumu kwa miaka mingi, na hauhitaji kufuatwa kwa karibu kama mchepuko.

Kinachobaki ikishindwa. Karibu kila kitu. Vena haijatumika, au imetumika kipande kidogo, na kinena kilichosafishwa ni mahali pazuri pa kuanzishia mchepuko au kupitishia puto siku nyingine.

Inamfaa nani. Mwenye ugonjwa uliojikusanya kinenani. Mahali hapo hukunjwa kila mtu anapoketi na kuinuka, na stenti huchoshwa na kukunjwa huko. Tena hufunika tawi linalolisha paja, ambalo ndilo akiba ya mguu ateri kuu ikiziba. Wapo wanaoweka stenti hapo wakati mgonjwa hawezi kabisa kupasuliwa. Kwa wengine, kisu kifupi kimeendelea kuwa chaguo la kawaida.

Njia hizi huchanganywa pia. Katika kikao kimoja mpasuaji anaweza kukwangua kinena, kisha kupitia hapohapo akapandisha puto nyongani. Kwa ugonjwa ulioenea sehemu nyingi, mchanganyiko huo mara nyingi ndio jibu, na anayeambiwa achague moja tu anaweza kuuliza kama kuchanganya hakuwezekani.

Majaribio mawili yanayopishana

Atakayetafuta ushahidi atakutana na majaribio mawili makubwa yanayoonekana kugombana. BEST-CLI, lililochapishwa mwaka 2022 likiwa na wagonjwa 1,830 wenye miguu hatarini, liliwagawa washiriki kwa kigezo cha vena. Miongoni mwa wale waliokuwa na vena nzuri ya safena, waliopatwa na tukio kubwa la mguu (yaani kukatwa juu ya kifundo au kurudiwa upasuaji mkubwa) au kifo walikuwa asilimia 42.6 katika kundi la upasuaji, dhidi ya asilimia 57.4 katika kundi la puto na stenti. Kwa wale wasio na vena hiyo, tofauti ilikuwa ndogo na haikuthibitika.

Mwaka uliofuata likatoka BASIL-2, lenye wagonjwa 345 ambao ugonjwa wao ulihusisha ateri za chini ya goti. Huko matokeo yalielekea upande wa pili: waliokatwa mguu juu ya kifundo au kufariki walikuwa asilimia 63 kwa walioanza na mchepuko wa vena, na asilimia 53 kwa walioanza na tiba ya ndani ya mshipa, na tofauti hiyo ilitokana zaidi na vifo kuwa vichache katika kundi hili la pili kuliko na miguu iliyookolewa.

Mgongano huo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Majaribio hayo hayakupima kitu kilekile: la kwanza lilihesabu pia kurudiwa kwa upasuaji mkubwa wa mguu, la pili lilihesabu kukatwa na kufa tu, na wagonjwa wa la pili walikuwa na ugonjwa wa chini zaidi. Mimi nayasoma hivi: vena nzuri ni mali halisi na mwenye nayo asiambiwe kwamba puto ni sawasawa na mchepuko bila maelezo, lakini kadiri ugonjwa unavyoshuka kuelekea wayo na kadiri mwili unavyokuwa dhaifu, ndivyo faida ya mchepuko inavyoweza kuliwa na hatari ya upasuaji wenyewe. Daktari anayetaja jaribio moja na kulinyamazia la pili anastahili kuulizwa kuhusu hilo la pili.

Kwa hali yako

Ikiwa kigimbi kinauma ukitembea na huna kidonda, anza na mazoezi, dawa na kuacha sigara. Ikiwa baada ya miezi mitatu hadi sita bado unashindwa kufanya kazi yako, na kizuizi kiko nyongani, stenti ina hoja nzuri. Kizuizi hichohicho kikiwa kinenani, zungumzia kukwangua. Kikiwa chini ya goti, fikiri mara mbili kabla ya kukubali puto kwa ajili ya umbali wa kutembea tu, kwa kuwa tiba inayoshindwa hapo inaweza kuugeuza mguu uliokuwa unauma tu kuwa mguu ulio hatarini.

Ukiwa na kidonda au maumivu ya usiku, nguvu zako zikiwa nzuri na vena yako imepimwa ikaonekana nzima, mchepuko uwe mezani tangu siku ya kwanza. Ikiwa vena haikupimwa kabisa, ulinganisho haujafanyika bado, hata kama fomu ya ridhaa imeshaletwa.

Ukiwa na kidonda lakini moyo umechoka, figo zimedhoofika au huna vena, anza na puto ukijua kwamba huenda ukarudi, na ratiba ya kurudi ipangwe kabla hujaondoka wodini. Kwa mwenye figo dhaifu, uliza kiasi cha dawa ya rangi kitakachotumika na kama kuna namna ya kukipunguza.

Kwa mgonjwa ambaye hatembei tena, yuko kitandani, na wayo umeshakufa, kukatwa mguu mara moja kwa mpango mzuri au kutulizwa maumivu bila upasuaji wowote ni machaguo halali ya tiba. Familia nyingi huyaona kuwa ni kukata tamaa, ilhali mchepuko wa saa tano kwa mtu kama huyo unaweza kumwongezea mateso bila kumrudishia hatua hata moja.

Ikiwa hospitali uliyomo inafanya njia moja tu, pokea ushauri wake kwa heshima, kisha omba nakala ya picha za ateri zako uzipeleke kwa bingwa anayefanya zote. Muda wa kufanya hivyo mara nyingi upo, isipokuwa mguu umeingia baridi ghafla au kidonda kinapanda kwa maambukizi. Na ukiambiwa kidole au wayo ukatwe kabla ateri za mguu huo hazijapigwa picha yoyote, omba picha kwanza, kwa sababu jeraha la kukatwa nalo litahitaji damu ileile ili lipone.